Mwongozo kamili: Safari ya siku moja kwa gari kwenda kuona majani ya Oktoba kwenye milima ya New Hampshire

Kila ikifika mwisho wa Septemba simu yangu haipumziki. Ndugu wa Lowell, Worcester na Manchester, na siku hizi hata Wakongo na Warundi waliohamia Portland na Lewiston, wote wanauliza jambo moja: ile safari ya kwenda kuona majani inafanywaje? Wengi wao wameishi New England, yaani majimbo ya pembe ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, miaka mitano, wengine kumi, wanapiga kazi zamu mbili, na hawajawahi kuiona milima iliyo saa mbili tu kutoka mlangoni kwao. Hilo linaniuma. Naandika hapa yote niliyojifunza kwa kwenda na kurudi, ili mtu aweze kuamka siku moja, akajaza tanki, akawapeleka watu wake bila kubahatisha.

Kwanza neno lenyewe. Kwetu vuli ni mvua, zile za Oktoba mpaka Desemba, na mtoto aliyekulia Lushoto kama mimi akisikia vuli anawaza kupanda maharage, hawazi majani kuanguka. Kwa hiyo nitasema msimu wa kupukutika. Na saa zote nitakazotaja ni za Kiswahili.

Barabara ya kuchagua

New England ina barabara nyingi nzuri za msimu huu. Vermont wanajivunia ya kwao, Maine wana ya kwao. Mimi nakuelekeza kwenye moja tu: Kancamagus, ambayo wenyeji huifupisha wakaiita Kanc. Ni kipande cha barabara namba 112 ya New Hampshire, kutoka mji wa Lincoln hadi Conway, urefu wa maili 34.5, yaani kilomita 56 hivi. Inapanda milima ya White Mountains mpaka mita 870 juu ya usawa wa bahari, kisha inateremka ikifuatana na mto Swift. Njia nzima hakuna duka, hakuna bango la biashara, hakuna sheli. Ni msitu, mto na anga.

Jina ni la Kancamagus, chifu wa Wapennacook wa karne ya 17, mjukuu wa chifu Passaconaway. Mwaka 1689 alishiriki kuongoza shambulio dhidi ya walowezi wa Dover, na baada ya hapo watu wake wakasukumwa kaskazini. Vilele na vijito vya huko bado vina majina yao, na ni vizuri kulijua hilo kabla hujapita. Barabara ilifunguliwa yote kuunganisha miji hiyo miwili mwaka 1959.

Huku kwenda na kurudi njia ile ile hakuna faida. Nitakupa mzunguko: Lincoln, Kancamagus, barabara ya Bear Notch, Bartlett, bonde la Crawford, bonde la Franconia, halafu Lincoln tena. Mzunguko wote haufiki maili 100, lakini utakula siku nzima, na ndivyo inavyotakiwa.

Hatua ya kwanza: chagua wiki, halafu chagua siku

Hapa ndipo wengi wanapoharibu safari, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Rangi hazitokei siku moja kila mahali. Zinaanzia kaskazini na juu milimani, zinashuka polepole kwenda mabondeni na kusini. Katikati ya Septemba utaona miti michache kwenye mabwawa na vinamasi imeshawaka nyekundu wakati misitu yote bado kijani. Usidanganyike na hiyo, ni watangulizi. Kwenye Kancamagus kilele cha rangi mara nyingi huangukia kati ya siku za mwisho za Septemba na katikati ya Oktoba. Ukinilazimisha nitaje wiki moja, nitasema wiki ya kwanza ya Oktoba. Mwaka wenye joto la kuchelewa husogeza kilele mbele, mwaka wa ukame huweza kuyakausha na kuyaangusha mapema, na usiku mmoja wa mvua na upepo mkali unaweza kukuachia matawi matupu. Kwa hiyo usikate shauri mwezi mmoja kabla. Ofisi ya utalii ya jimbo huweka ramani ya rangi kwenye mtandao na kuibadilisha msimu wote. Anza kuifuatilia Septemba katikati.

Na hapa pana siri ya kupanda mlima: barabara inapita miinuko tofauti, kwa hiyo ukichelewa juu, hujachelewa chini. Ukikuta kileleni kumeshapukutika, teremka kuelekea mto Swift, huko kutakuwa kunawaka.

Sasa siku. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu Marekani, na wikendi inayoitangulia ndiyo yenye watu kuliko zote. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda Jumamosi ile. Tulitoka nyumbani saa tatu asubuhi, tumeshiba, tumetulia, tunaimba. Lincoln tulifika saa sita mchana, na kutoka hapo tukaingia kwenye foleni iliyotembea mwendo wa kobe. Kila eneo la kuegesha lilikuwa limejaa, magari yamepangwa kandokando ya lami, watoto wanalia wanataka choo. Majani tuliyaona kupitia kioo cha gari na hatukukanyaga ardhi ya msitu hata mara moja. Tangu siku hiyo naomba ruhusa kazini: Jumanne, Jumatano au Alhamisi. Kama huna siku ila wikendi, chagua Jumapili na ondoka usiku. Usiniambie utaamka mapema halafu uondoke saa moja, hiyo si mapema.

Jua huku mwanzoni mwa Oktoba huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi, na kuzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni. Lengo lako ni kuwa Lincoln saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kutoka Lowell ni kama saa mbili, kwa hiyo ondoka saa kumi na nusu alfajiri. Kutoka Manchester ni saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Ndugu wa Portland na Lewiston, ninyi ingieni kwa upande wa Conway na mfanye mzunguko huu kinyume.

Kwa nini majani yanageuka, na kwa nini ujue

Mama yangu alikuja kututembelea mwaka ule wa tatu. Tulipomshusha kwenye gari alisimama kimya, akaokota jani moja jekundu, akaligeuza huku na huku, akalinusa, akauliza: "Mwanangu, miti hii inaumwa nini?" Mtu aliyelima maisha yake yote ana haki ya kuuliza hivyo. Kwetu jani likigeuka rangi ni kiu, au mdudu, au udongo umechoka.

Nilimweleza hivi. Mchana unapopungua na baridi kuanza, mti unajua kuwa miezi ya barafu inakuja na hautaweza kuyanywesha majani maji. Basi unaanza kuyafungia. Kwenye kikonyo cha jani, pale linaposhikamana na tawi, unajenga tabaka jembamba kama kizibo. Umbijani, ile rangi ya kijani inayotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, haitengenezwi tena na inavunjika. Rangi ya njano na ya machungwa ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, ni jamii ile ile inayotia rangi karoti, sema ilikuwa imefunikwa na kijani. Nyekundu ni habari nyingine. Hiyo hutengenezwa wakati ule ule wa kufunga, kutokana na sukari iliyobaki imenaswa ndani ya jani, na ni ya jamii moja na wekundu wa juisi ya rosela. Mama alipofika kwenye rosela akatikisa kichwa, akaelewa.

Hii si elimu ya kujionyesha. Inakusaidia kupanga. Njano haikosekani mwaka wowote. Nyekundu nzuri inataka siku za jua kali zikifuatwa na usiku wa baridi usiofikia barafu. Ukiona wiki ya namna hiyo kwenye utabiri wa hewa, mwishoni mwa Septemba, omba ruhusa kesho yake.

Jifunze pia miti minne mitano, safari inanoga zaidi ukiijua. Meipo ni ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Meipo wa sukari hutoa machungwa na nyekundu iliyochanganyika hata kwenye jani moja, na meipo mwekundu ndiye yule wa kwenye vinamasi anayewahi. Bechi ana gome jeupe linalobanduka kama karatasi, na majani yake huwa ya njano safi. Mwaloni hugeuka mwisho, rangi ya udongo na divai. Misonobari haibadiliki, na bila kijani chake kilichokoza zile nyekundu zisingeonekana kama zinavyoonekana. Ila yupo mmoja wa jamii ya misonobari, tamaraki, ambaye sindano zake hugeuka dhahabu kuelekea mwisho wa Oktoba kisha zikaanguka. Ukichelewa msimu, mtafute huyo kwenye maeneo yenye majimaji.

Hatua ya pili: gari, chakula na nguo

Angalia breki, hewa ya matairi na vifuta kioo siku mbili kabla, si asubuhi ya safari. Kuna kuteremka kwingi, na majani yaliyolowa juu ya lami huteleza kama ganda la ndizi.

Simu: sehemu kubwa ya Kancamagus haina mtandao kabisa. Pakua ramani ya eneo zima ukiwa nyumbani, na mwambie mtu mmoja unakwenda wapi na unategemea kurudi saa ngapi. Kama mnakwenda magari mawili, kubalianeni mahali na saa ya kukutana kabla hamjaingia, kwa sababu kupigiana simu hamtaweza.

Mafuta: jaza Lincoln hata kama una nusu tanki. Ukishaingia hakuna sheli mpaka Conway, na mzunguko huu hautafika Conway.

Chakula beba. Chapati za jana usiku zilizofungwa kwenye kitambaa, mayai ya kuchemsha, pilau ndani ya hotpoti, chai ya tangawizi kwenye chupa mbili: moja ya asubuhi, moja msiiguse mpaka jioni. Takataka zote rudi nazo, na chakula kisiachwe nje hata dakika kumi, dubu weusi wanaishi humo na wakati huu wanakula kujiandaa na usingizi wa baridi.

Nguo: asubuhi kileleni inaweza kuwa karibu nyuzi 0 za Selsiasi, na saa nane mchana ukawa na nyuzi 15 bondeni. Vaa kwa tabaka, sweta juu ya shati, koti juu ya sweta. Wazee wabebee shuka zito na glavu. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli inayoshika, maana mawe ya kando ya maporomoko yana utelezi.

Na dola 5. Maeneo mengi ya kuegesha ndani ya msitu wa taifa yanatoza ada ya siku kwa gari, na kibali kimoja kinatumika maeneo yote ya msitu huo siku hiyo. Unajaza bahasha pale pale na kutumbukiza hela kwenye kisanduku, kwa hiyo beba noti ndogo. Mwenye kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa aitundike hiyo.

Hatua ya tatu: kupanda kutoka Lincoln

Shika barabara kuu ya I-93 kuelekea kaskazini. Hooksett kuna malipo ya barabara. Iache kwenye njia ya kutokea namba 32, jaza mafuta, tumieni choo, kisha ingieni namba 112 kuelekea mashariki.

Kituo cha kwanza ni Lincoln Woods, dakika chache baada ya mji. Kuna daraja la kuning'inia la waenda kwa miguu juu ya mto Pemigewasset, tawi la mashariki. Simama katikati yake. Linatikisika kidogo, maji yanapita chini kati ya mawe makubwa ya kijivu, na pande zote mbili ni ukuta wa njano. Njia pana iliyonyooka ng'ambo ya daraja ilikuwa reli ya kubebea magogo, iliyofanya kazi tangu mwaka 1893 mpaka 1948.

Nakuomba ulifikirie hilo ukiwa pale, kwa sababu mimi lilinibadilisha macho. Milima hii ilikuwa imefyekwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 makampuni ya magogo yalikuwa yameacha miteremko mitupu, matawi makavu yakashika moto, udongo ukaingia mitoni. Mwaka 1911 Bunge la Marekani lilipitisha sheria, iliyobeba jina la John W. Weeks aliyezaliwa huko huko New Hampshire, ya kuiruhusu serikali inunue ardhi ya milimani ili irudishwe msitu. Msitu wa Taifa wa White Mountain ukatangazwa mwaka 1918. Bechi ni mti unaowahi kuota palipoungua, kwa hiyo mabaka ya njano na vigogo vyeupe kwenye miteremko mara nyingi ni alama ya makovu ya zamani. Sisi tuliotoka Usambara, tuliokuwa tukiona msitu unarudi nyuma kila mwaka, tunayo sababu ya kuitazama milima hii kwa makini.

Kutoka hapo barabara inaanza kupanda kweli. Kuna kona moja kali sana, inajikunja yenyewe kama kiwiko, karibu na kituo cha kutazama cha Hancock. Punguza mwendo kabla ya kuiingia, si ukiwa ndani yake.

Kituo ambacho usikiruke ni Pemigewasset, karibu na kilele, upande huu wa magharibi. Kinatazama magharibi. Asubuhi jua linakuwa mgongoni mwako, linapiga milima iliyo mbele yako, na ukungu bado umelala bondeni. Toa chai. Kaeni nusu saa, msitazame saa. Mwanga unashuka kutoka vileleni, mstari kwa mstari, na kila unapofika miti inabadilika kutoka kahawia hadi nyekundu mbele ya macho yako. Wengi hupiga picha mbili wakaondoka, na hilo hawalioni.

Hatua ya nne: kuteremka na mto Swift

Baada ya kilele ni mteremko mrefu. Usikalie breki, zitapata moto. Weka gia ya chini, acha injini ilishike gari, gusa breki mara chache tu. Utaendesha ukielekea mashariki na jua la asubuhi machoni, kwa hiyo kioo cha mbele kiwe safi ndani na nje, na miwani ya jua iwe karibu. Ukiona mti wa kukutoa roho, na utauona, usisimame barabarani. Endelea mpaka sehemu ya kuegesha. Gari la nyuma yako nalo lina dereva anayetazama majani.

Sabbaday ni maporomoko yaliyojificha ndani ya msitu. Kutembea ni kama dakika kumi, njia ya kokoto na ngazi za mbao, mzee mwenye magoti ya wastani anaweza akipewa muda. Maji yanaanguka kwa hatua kwenye mwanya mwembamba wa mwamba. Kuogelea hakuruhusiwi. Siku ya mawingu usikate tamaa ukaahirisha safari: maporomoko na majani yaliyolowa huonekana vizuri zaidi bila jua kali, rangi zinakoza. Kama una miwani ya jua ya polaroidi, iweke mbele ya kamera ya simu, inaondoa mng'ao wa maji juu ya jani na rangi yenyewe inatoka. Siku ya jua, piga picha jani likiwa kati yako na jua. Linawaka kama taa.

Mbele kidogo kuna nyumba ya mbao ya Russell-Colbath, iliyojengwa mwaka 1832. Inasimuliwa kuwa mwaka 1891 Thomas Colbath alimwambia mkewe, Ruth, kwamba anatoka mara moja, atarudi. Hakurudi. Ruth akaweka taa dirishani kila usiku kwa miaka 39, mpaka alipofariki mwaka 1930. Miaka mitatu baadaye mume akatokea. Mama alisikiliza kisa hiki mpaka mwisho, kisha akataka kuonyeshwa dirisha lenyewe, akasimama mbele yake muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya mlima wowote.

Ukipita nyumba hiyo utaona njia ya kushoto ya Bear Notch. Usiikate bado. Endelea kwanza kwenda Rocky Gorge, ambapo mto umechonga mfereji mwembamba kwenye mwamba na kuna daraja dogo la miguu. Vuka, panda kidogo, utakuta bwawa la Falls Pond lililotulia, lenye msitu umepinduka ndani yake. Watoto washikwe mkono hapa, kingo za mwamba hazina huruma. Halafu Lower Falls, pazuri pa kula, kuna vyoo. Mwisho daraja la Albany, la mbao, lenye paa, la mwaka 1858. Madaraja ya namna hii yalijengwa na paa ili mvua na theluji visiozeshe mbao za kubeba uzito. Ingia ndani yake kwa miguu, tazama mto kupitia uwazi wa pembeni.

Hapo geuza gari, rudi ulikotoka kama maili saba, ushike Bear Notch. Najua kwenye ramani inaonekana ni rahisi zaidi kuendelea hadi Conway na kupandia North Conway. Usifanye hivyo. Mji ule ni wa maduka, na foleni yake Oktoba itakumaliza mchana wote.

Hatua ya tano: Bear Notch na Crawford

Bear Notch ni maili tisa za kona katikati ya msitu mnene, na matawi yanakutana juu ya barabara. Hufungwa majira ya theluji, lakini Oktoba iko wazi. Endesha taratibu, fungua vioo, kuna harufu ya majani yaliyoanza kuoza ambayo mimi naipenda kama harufu ya mvua ya kwanza.

Bartlett utakutana na namba 302. Kata kushoto. Milima inasogea pande zote mbili mpaka unaona kama barabara itakosa pa kupita. Hapo ndipo Crawford. Simama mahali ilipokuwa nyumba ya Willey. Usiku wa tarehe 28 Agosti 1826, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka. Familia ya Willey na wafanyakazi wao wawili walikimbia kutoka nyumbani, wote tisa wakafa. Maporomoko yalijigawa nyuma ya nyumba, na nyumba ikabaki salama. Leo pana bwawa dogo na mabata, na ukuta wa mlima ule ule umevaa njano na nyekundu.

Ukishapanda na kutoka bondeni, upande wa kulia utaona jengo kubwa jeupe lenye paa jekundu, na nyuma yake mlima Washington, mita 1,917, ambao mara nyingi una theluji kichwani wakati chini bado kuna rangi. Hoteli ile ilifunguliwa mwaka 1902. Mahali hapa ni Bretton Woods. Julai 1944 wajumbe wa nchi 44 walikutana humo ndani wakaanzisha Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Kutoka Afrika walikuwapo Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini. Tanganyika, Kenya na Kongo zilikuwa chini ya wengine na hazikuwa na kiti. Sisi tuliokua miaka ya themanini tukisikia redioni kuhusu masharti ya IMF, foleni za sukari na ada za hospitali, hatuwezi kupita hapa kama tunapita kwenye hoteli yoyote. Mimi husimamisha gari kila mara na kuwaeleza watoto.

Hatua ya sita: Franconia na kurudi

Fuata 302 mpaka Twin Mountain, kata kushoto namba 3, itakuingiza bonde la Franconia. Kwa sehemu hii I-93 inabanwa na kuwa njia moja kila upande, heshimu mwendo ulioandikwa. Juu ya mwamba hapa palikuwa na sura ya mzee iliyochongwa na maumbile, nembo ya jimbo zima, ambayo bado iko kwenye namba za magari. Ilianguka tarehe 3 Mei 2003. Pale chini, kando ya ziwa Profile, kuna nguzo za chuma: ukisimama kwenye alama ya urefu wako na kutazama ncha yake, sura inaonekana imerudi mahali pake.

Wenye nguvu wapande Artist's Bluff, mwendo wa nusu saa hivi, kuna mawe ya kushika kwa mikono. Juu utaona ziwa Echo, barabara, na milima yote imekufungukia. Wazee wabaki ufukweni mwa ziwa na ile chupa ya pili ya chai. Kama saa zimeisha, acha kupanda. Korongo la Flume nalo ni zuri, lakini lina tiketi zake na linataka saa mbili za peke yake. Liwekee siku nyingine.

Uwe kwenye gari kabla giza halijaingia. Msimu huu musi wanatafutana kupandana na wanavuka barabara hasa jioni na alfajiri. Musi ni jamii ya kulungu, dume anaweza kuzidi kilo 450, na miguu yake ni mirefu kiasi kwamba taa za gari zinapita chini ya tumbo: huoni macho yaking'aa, unaona kiwiliwili cheusi ghafla. Ukimgonga, miguu inakatika na mwili unakuja kwenye kioo. Kwa hiyo punguza mwendo, washa taa ndefu pasipo na gari mbele, na abiria wa mbele asilale, macho yake yawe pembeni mwa barabara. Ukimwona mmoja akivuka, simama na usubiri, huenda yuko wa pili nyuma yake. Baada ya Plymouth milima inaachana, barabara inapanuka, na hapo abiria anaweza kusinzia.